Ushauri na Njia Yake: Tume na Bodi za Usalama wa Mtandao Nchini Marekani, 1967–2025

Historia ya usalama wa mtandao nchini Marekani husimuliwa zaidi kwa kufuata mashambulizi: mnyoo wa kompyuta wa mwaka 1988, udukuzi wa SolarWinds uliofichuka Desemba 2020, bomba la mafuta la Colonial lililosimama Mei 2021. Usimulizi huo una ukweli wake, lakini unawaacha nje watu ambao kwa zaidi ya nusu karne waliitwa na mawaziri, marais na Bunge, wakaulizwa hatari ni ipi na serikali ifanye nini, wakaandika majibu yao, kisha wakatawanyika kurudi katika vyuo, kampuni na ofisi zao. Makundi hayo yaliitwa kwa majina tofauti, yakiwa kikosi kazi, kamati, bodi au tume, lakini yote yalikuwa vyombo vya ushauri, yaani vyombo visivyokuwa na mamlaka ya kuamuru, kutoza faini wala kugawa fedha za umma. Anayezisoma ripoti zao kwa mfululizo hukutana na jambo linaloumiza: mara nyingi washauri waliliona tatizo mapema na kulieleza kwa usahihi, wakati mwingine miaka 20 kabla halijamfikia mwananchi. Kilichotenganisha ushauri uliogeuka kuwa sera na ule uliobaki kabatini hakikuwa ubora wa uchambuzi. Ilikuwa ni njia iliyoandaliwa ili ushauri huo utoke kwenye karatasi na kuingia katika sheria, katika ofisi yenye mwenyewe, au katika zana ambayo watu wa kazi huishika kila siku.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ililindwa kama linavyolindwa jalada la siri: iliwekwa chumbani, chumba kikafungwa, askari akasimama mlangoni. Mashine ilifanya kazi moja kwa wakati mmoja na mwenye kazi hiyo alijulikana. Mambo yalibadilika wahandisi walipobuni mfumo wa kugawana muda wa kompyuta, yaani utaratibu ambao watu wengi, kila mmoja akiwa kwenye kituo chake na pengine akiunganishwa kwa laini ya simu kutoka mbali, huitumia mashine moja kwa pamoja huku kila mmoja akijiona kama yuko peke yake. Kwa mara ya kwanza kazi ya siri ya jeshi na hesabu za kawaida za kampuni ziliweza kukaa katika mashine moja, zikitenganishwa na programu tu. Wakandarasi wa ulinzi, waliozinunua mashine hizo kwa bei kubwa na waliotaka zifanye kazi saa zote, walianza kuiuliza Wizara ya Ulinzi kama jambo hilo linaruhusiwa, na wizara haikuwa na jibu.

Mtu aliyepewa kulitafuta jibu hilo alikuwa Willis Ware, mhandisi wa umeme aliyewahi kushiriki kujenga kompyuta ya John von Neumann huko Princeton, kisha akahamia RAND, taasisi ya utafiti ya Santa Monica, California, iliyofanya kazi nyingi za Jeshi la Anga. Katika masika ya 1967, kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu wa kompyuta uliofanyika Atlantic City, Ware aliongoza kikao kilichozungumzia usalama na faragha katika mifumo hiyo mipya, na miongoni mwa waliosimama kuzungumza alikuwamo Bernard Peters wa NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano ambalo enzi hizo lilikuwa nadra kusikika hadharani. Oktoba mwaka huohuo kikosi kazi kikaundwa chini ya Bodi ya Sayansi ya Ulinzi, chombo cha wataalamu wa nje kinachoishauri Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, na Ware akafanywa mwenyekiti wake. Ripoti ilitoka Februari 1970.

Ndani ya ripoti hiyo mna mchoro mmoja unaostahili kutazamwa kwa utulivu. Katikati yake kuna kompyuta, na kutoka hapo laini zinapita kwenye kituo cha kuunganisha simu hadi kwa mtumiaji aliyeketi mbele ya kituo chake. Juu ya kila sehemu wachoraji waliandika namna siri inavyoweza kuvuja: laini inaweza kuchomekewa waya wa kunasia mazungumzo, mashine yenyewe hutoa mawimbi ya umeme yanayoweza kunaswa na aliye nje, majalada yanaweza kuibwa au kunakiliwa. Kisha wanafuata watu. Mwendeshaji wa mashine anaweza kuifunua mipango ya ulinzi, fundi wa matengenezo anaweza kukizima kifaa cha kinga, na mtunga programu za mfumo anaweza kuacha mlango wa siri atakaoupitia baadaye. Mtumiaji naye anaweza kudai kuwa mtu asiye yeye. Mchoro huu ulichorwa kabla ya kuwapo kwa intaneti inayofahamika leo, lakini ofisa wa usalama wa benki yoyote akiupata mezani pake atautambua mara moja, kwa sababu karibu kila sehemu iliyotajwa humo bado inashambuliwa. Hitimisho la kikosi kazi lilikuwa kwamba programu peke yake haiwezi kuulinda mfumo ulio wazi kwa watumiaji wengi, na kwamba ulinzi sharti uunganishe maunzi, programu, mawasiliano, majengo, watu na taratibu za kiofisi tangu mfumo unapobuniwa.

Ripoti hiyo ilipigwa muhuri wa siri. Muhuri uliondolewa mwaka 1975, na RAND ikaichapisha upya kwa ajili ya umma mwaka 1979, ilhali kompyuta za kibiashara zilikuwa zimeuzwa kwa maelfu kwa watu ambao hawakupata kuisoma. Hasara ya kuchelewa huko inaonekana vizuri mtu akiilinganisha na kamati ya pili ya Ware. Mwaka 1972 Elliot Richardson, aliyekuwa waziri wa afya, elimu na ustawi wa jamii, aliunda kamati ya kumshauri kuhusu kumbukumbu za raia zilizohifadhiwa kwa kompyuta, na Ware akawa mwenyekiti wake. Kamati hii ilifanya kazi hadharani na ripoti yake ya Julai 1973 iliuzwa kwa yeyote aliyeitaka. Humo kulikuwa na kanuni tano: pasiwepo hazina ya taarifa binafsi ambayo kuwapo kwake kunafichwa, mtu aweze kujua taarifa zipi zimewekwa juu yake na zinatumikaje, zilizokusanywa kwa lengo moja zisitumike kwa lingine bila ridhaa yake, aweze kuzisahihisha, na anayezitunza awajibike kwa uhakika wake na kuzuia matumizi mabaya. Kabla ya mwaka 1974 kwisha, kanuni hizo zilikuwa zimeingia katika Sheria ya Faragha ya Marekani. Zilipita kisha katika miongozo ya mwaka 1980 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, na uzao wake unasomeka hata katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022. Mwenyekiti alikuwa yuleyule na fikra zake zilikuwa zilezile. Ripoti moja ilifungiwa na nyingine ikaachwa itembee.

Jeshi la Anga liliendeleza kazi ya kwanza kwa njia yake. Mwaka 1972 jopo ambalo ripoti yake iliandikwa na James P. Anderson lilieleza kwamba desturi ya kuwatuma wataalamu wauvunje mfumo, kisha kuziba kila tundu wanalolipata, haimalizi matundu, na likapendekeza mfumo uwe na msimamizi mdogo wa ndani, ambaye kila ombi la kusoma au kuandika lazima limpitie, asiyeweza kuchezewa, na mdogo kiasi cha kuthibitishika kuwa sahihi. Wazo hilo lilikaa miaka 11 kabla ya kuingia katika vigezo ambavyo Pentagon ilivitoa mwaka 1983, vikiipanga mifumo kwa madaraja kuanzia D hadi A1, na wauzaji wa kompyuta wakalazimika kuvifuata kwa kuwa serikali ilikuwa mteja mkubwa.

Miaka hiyohiyo ya 1980 ilizusha ugomvi wa nani ashauri na nani aamue. Septemba 1982 Rais Reagan aliunda kamati ya wakuu wa kampuni za simu na teknolojia, wasiozidi 30, imshauri kuhusu mawasiliano ya dharura, kwa sababu kampuni kubwa ya simu ya AT&T ilikuwa inavunjwa na serikali isingekuwa tena na mlango mmoja wa kubisha nchi ikiwa hatarini; kutokana na ushauri wa kamati hiyo kikaanzishwa mwaka 1984 kituo ambacho maofisa wa serikali na watu wa kampuni hizo walikaa chumba kimoja. Lakini mwongozo wa rais wa Septemba 1984, uliofuata uchunguzi ambao Reagan aliuagiza baada ya kutazama filamu kuhusu kijana aliyeingia katika kompyuta za jeshi, uliipa NSA usemi mkubwa hata juu ya mifumo ya kiraia. Wabunge waliona hatari katika kulikabidhi shirika la ujasusi taarifa zisizo za siri za raia, na Sheria ya Usalama wa Kompyuta ya 1987 ikalirudisha jukumu hilo kwa taasisi ya viwango ya Wizara ya Biashara, ambayo sasa huitwa NIST. Sheria hiyohiyo ilianzisha bodi ya ushauri kuhusu usalama na faragha, yenye wajumbe wa ndani na nje ya serikali. Mmoja wa wenyeviti wake wa mwanzo, si ajabu, alikuwa Willis Ware.

Bodi hii ndogo ilipimwa Aprili 1993, serikali ya Clinton ilipotangaza chipu iliyojulikana kama Clipper. Usimbaji fiche, ambao ni ufundi wa kuugeuza ujumbe usisomeke na asiye na ufunguo, ulikuwa umeanza kuingia katika simu na kompyuta za kawaida, na vyombo vya dola viliogopa kupoteza uwezo wa kunasa mawasiliano kwa idhini ya mahakama. Chipu hiyo ilitumia kanuni ya siri iliyobuniwa na NSA, na kila moja ilikuwa na ufunguo wake wa pekee uliogawanywa vipande viwili na kuwekwa katika idara mbili za serikali, ili vipande viunganishwe pale amri halali ikitolewa. Juni mwaka huo bodi ilifungua milango, ikawasikiliza wahandisi, wafanyabiashara na watetezi wa haki, kisha ikapitisha maazimio kwamba mpango una kasoro nzito ambazo hazijajibiwa. Serikali iliendelea nao, na Februari 1994 ikaufanya kuwa kiwango rasmi. Hapo mtu angeweza kusema bodi imeshindwa. Maazimio yake, hata hivyo, yalikuwa ya hadhara, na yaliwapa wapinzani wa Clipper jambo ambalo hawakuwa nalo, yaani mashaka yaliyotamkwa na chombo cha serikali yenyewe.

Bunge nalo liliagiza Baraza la Taifa la Utafiti, mkono wa utafiti wa akademia za sayansi, lichunguze suala zima la usimbaji fiche. Kamati yake iliongozwa na Kenneth Dam, mwanasheria aliyewahi kuwa naibu waziri wa mambo ya nje, na kati ya wajumbe 16, wajumbe 13 walipewa kibali cha kuona siri za serikali. Hilo lilikuwa la maana kubwa. Kwa miaka mingi maofisa walikuwa wakiufunga mjadala kwa kusema kwamba raia wangejua yanayojulikana ndani wasingepinga. Sasa wajumbe waliojua yaliyomo ndani waliandika, mwaka 1996, kwamba mjadala unaweza kuendeshwa ipasavyo bila siri hizo, na kwamba sheria isimkataze mtu kutengeneza, kuuza wala kutumia usimbaji fiche wa aina yoyote ndani ya Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2000 masharti ya kuuza teknolojia hiyo nje ya nchi yalilegezwa sana. Usalama wa miamala inayopita leo katika simu za mkononi, iwe Chicago au Mwanza, umesimama juu ya usimbaji fiche usioachiwa serikali nakala ya ufunguo, na washauri hao wana sehemu katika ushindi huo.

Si kila kazi ya Baraza hilo ilibahatika hivyo. Novemba 1988 mnyoo, yaani programu inayojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine, uliachiwa katika intaneti changa na kuzizidi nguvu maelfu ya kompyuta. Ndani ya wiki chache kituo cha kwanza cha kuratibu dharura za kompyuta kikafunguliwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na kutokana na mfano huo vimezaliwa vituo vya namna hiyo duniani kote, TZ-CERT ya Tanzania ikiwa mojawapo. Kamati ya Baraza iliyoongozwa na David Clark wa MIT ilikamilisha mwishoni mwa 1990 ripoti iliyotahadharisha kwamba nchi inajikabidhi kwa mashine isizozilinda, ikashauri iundwe taasisi huru isiyo ya faida ya kuweka kanuni za usalama na kupima bidhaa. Ripoti ilinukuliwa kila mahali. Taasisi haikuundwa, kwa kuwa hapakuwa na wizara iliyoiona kuwa yake wala muswada uliobeba jina lake, na nchi ilipoteza muongo mzima ambao intaneti ilipanuka bila kipimo.

Somo hilo linaelekea kuwa liliwafikia waliounda tume ya mwaka 1996. Bomu la Oklahoma City la Aprili 1995 liliwafanya maofisa waorodheshe majengo na mifumo ambayo kubomolewa kwake kungeilemaza nchi, na katika kuorodhesha wakagundua kwamba mingi inaendeshwa kwa kompyuta na mingi si mali ya serikali. Kwa amri ya Julai 1996 Rais Clinton aliunda Tume ya Kulinda Miundombinu Muhimu chini ya Robert T. Marsh, jenerali mstaafu wa Jeshi la Anga. Miundombinu muhimu ilielezwa kuwa ni ile ambayo kukatika kwake kungedhoofisha ulinzi au uchumi wa nchi, na amri ikataja minane: mawasiliano ya simu, umeme, gesi na mafuta, benki na fedha, usafiri, maji, huduma za dharura, na mwendelezo wa serikali yenyewe. Tume ilipangwa kwa hesabu, kila wizara au idara husika ikialikwa kuleta wajumbe wasiozidi wawili, ambapo mmoja aliweza kutoka sekta binafsi. Kwa hiyo watu ambao wangetakiwa kutekeleza ushauri walikuwa ndani ya chumba ulipoandikwa.

Ripoti ya Oktoba 1997 ilikuwa na uungwana wa kukiri kwamba tume haikuona maafa yanayobisha hodi siku hiyo, ila iliona uwezo wa kuyasababisha ukienea kwa kasi na kwa bei rahisi. Miezi michache kabla yake, Juni 1997, wataalamu wa NSA waliojifanya maadui, wakitumia zana ambazo mtu yeyote angeweza kuzipata, walikuwa wamepenya mifumo ya Pentagon katika zoezi la siri, na jambo hilo liliwaondolea waliobaki shaka. Mei 1998, miezi saba tu baada ya ripoti, Clinton alisaini mwongozo ulioligeuza wazo kuu la tume kuwa utaratibu: kila sekta ipewe wizara ya kuisimamia, na kampuni zijiundie vituo vya kupashana habari za mashambulizi. Sekta ya fedha ilikuwa na kituo chake mwaka uliofuata.

Dhana ya miundombinu muhimu ilisafiri mbali. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 ina sehemu inayohusu miundombinu muhimu ya taarifa, na iliunda kamati ya taifa ya uratibu ambayo kazi yake ya kwanza kutajwa ni kuishauri serikali, zikiwamo hatari zinazoigusa miundombinu hiyo na pesa za simu. Kuzitaja pesa za simu ni jambo ambalo Tume ya Marsh isingeweza kuliwaza, na linaonyesha dhana iliyopokelewa kwa akili. Katika kitu kimoja, hata hivyo, Kenya iliachana na mfano wa Marsh: viti vya kamati hiyo vilitolewa kwa wakuu wa wizara, majeshi, polisi, ujasusi, mashtaka, mawasiliano na Benki Kuu, ilhali mitambo ya pesa za simu yenyewe iko mikononi mwa kampuni. Ushauri unaoandikwa bila mwenye mtambo hukosa habari za ndani ya mtambo, na hilo ni pungufu ambalo kanuni za baadaye haziwezi kulifuta lote.

Zana ni njia nyingine, na pengine ndiyo inayodumu kuliko zote. Oktoba 2001 Rais Bush aliliunda Baraza la Ushauri la Miundombinu ya Taifa, lililojaa wakuu wa kampuni, na mwaka 2003 baraza hilo likajishughulisha na swali linaloonekana dogo: udhaifu mpya unapogunduliwa katika programu, ni wa hatari kiasi gani? Kila muuzaji alikuwa na maneno yake, na fundi mwenye mifumo 100 ya kuziba hakujua aanze na upi. Baraza lilisimamia kubuniwa kwa kipimo cha pamoja, kinachotoa alama kutoka 0 hadi 10 kwa kuangalia kama udhaifu unaweza kutumiwa kutoka mbali, kama unahitaji mtu awe na nenosiri, na kiasi cha madhara yake. Kipimo hicho, CVSS, kilitolewa mwaka 2005 na kukabidhiwa kwa FIRST, umoja wa kimataifa wa vikosi vya kushughulikia dharura za kompyuta. Fundi wa benki mjini Nairobi au Dar es Salaam anayepokea tahadhari yenye alama 9.8 na kukatisha usingizi wake anatii, bila kulijua, neno la kamati ya ushauri ya rais wa Marekani.

Kuna pia tume iliyokosa njia: ile ya usalama wa mtandao ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Tom Donilon, haihitaji maneno mengi. Wajumbe wake 12 walifanya kazi nzuri kwa miezi michache na kukabidhi mapendekezo 16 tarehe 1 Desemba 2016, wiki saba kabla ya rais aliyeiunda kuondoka Ikulu. Mengi yalibaki bila wa kuyapokea.

Katika sheria ya bajeti ya ulinzi iliyosainiwa Agosti 2018 Bunge liliunda Tume ya Solarium ya Anga ya Mtandao, ikibeba jina la zoezi la mwaka 1953 ambamo Rais Eisenhower aliyashindanisha makundi matatu ya washauri kuhusu namna ya kuukabili Umoja wa Kisovieti. Wenyeviti walikuwa wawili: Seneta Angus King, asiye na chama lakini anayekaa na Wademokrati, na Mbunge Mike Gallagher wa Republican. Wajumbe wote 14 walitoka sehemu tatu, wakiwamo wabunge wanne wenye kura zao, maofisa wa juu wa serikali na wataalamu wa nje. Ripoti ilitoka tarehe 11 Machi 2020, siku ileile Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba Uviko-19 ni janga la dunia, na kwa kawaida siku kama hiyo ingetosha kuizika ripoti yoyote. Fikra yake kuu ilikuwa kumzuia adui kwa matabaka matatu, nayo ni kujenga desturi njema za mataifa, kuifanya nchi iwe ngumu kuumizwa, na kuwa tayari kumtoza gharama anayeshambulia.

Kilichoiokoa kilikuwa ufundi wa kutunga sheria. Tume haikuishia kupendekeza. Iliajiri watu wa kuandika miswada, ikatoa zaidi ya rasimu 50 za vifungu zilizokuwa tayari kupelekwa kwa kamati za Bunge, na wabunge waliokuwa wajumbe wakazibeba wenyewe hadi kwenye sheria ya ulinzi ya mwaka uliofuata, ambayo hupitishwa kila mwaka bila kukosa. Mapendekezo 25 hivi yaliingia. Rais Trump aliipinga sheria hiyo kwa kura ya turufu kwa sababu nyingine zisizohusu usalama wa mtandao, lakini mabunge yote mawili yaliipitisha tena kwa thuluthi mbili, na tarehe 1 Januari 2021 ofisi ya Mkurugenzi wa Taifa wa Usalama wa Mtandao ikawepo kisheria, mkuu wake akitakiwa athibitishwe na Seneti. Wa kwanza kuishika alikuwa Chris Inglis, aliyewahi kuwa naibu mkurugenzi wa NSA na mjumbe wa tume yenyewe. Pendekezo moja kubwa lilianguka, lile la kuunda kamati moja ya kudumu ya usalama wa mtandao katika kila bunge, kwa sababu kamati zilizopo hazikukubali kugawa sehemu ya mamlaka yao. Hata njia iliyotengenezwa vizuri huishia kwenye shamba la mwenye nguvu.

Sambamba na hayo Rais Biden alichagua njia fupi zaidi. Amri yake ya Mei 2021 iliagiza iundwe Bodi ya Kuchunguza Usalama wa Mtandao, ikichukua mfano wa bodi inayochunguza ajali za ndege: isitafute wa kumfunga, itafute kilichotokea na kukieleza hadharani ili kisirudiwe. Bodi ilianza kazi Februari 2022, ikiwa na maofisa wa serikali na wataalamu wa kampuni binafsi, na ripoti yake ya tatu, iliyotolewa Aprili 2024, ni kielelezo cha kazi ya namna hiyo. Katikati ya mwaka 2023 wadukuzi wanaohusishwa na China walikuwa wamejipatia ufunguo wa Microsoft ulioundwa mwaka 2016, wa kutia saini vibali vya kuingilia, na kwa kutumia ufunguo huo wakasoma barua pepe za maofisa wa Marekani, akiwamo waziri wa biashara. Katika Wizara ya Mambo ya Nje pekee walipakua barua kiasi cha 60,000. Waliogundua walikuwa wataalamu wa wizara hiyo, ambao waliona kumbukumbu za usomaji wa barua zisizo za kawaida, kumbukumbu zilizopatikana tu kwa sababu wizara ilikuwa imelipia kifurushi cha bei ya juu. Bodi iliandika bila kuficha kwamba udukuzi huo ungeweza kuzuilika, kwamba ulitokana na mfululizo wa makosa ya kampuni, na kwamba hadi wakati huo kampuni haikujua kwa hakika ufunguo uliibwaje.

Bodi hiyo haikuwa na mamlaka ya kumlazimisha mtu kuleta nyaraka. Ilitegemea hiari ya inaowachunguza. Wizara ya Usalama wa Ndani ililiomba Bunge mwaka 2023 sheria ya kuifanya iwe ya kudumu na kuipa uwezo huo, lakini muswada haukupita. Mwishoni mwa 2024 ilianza kuchunguza udukuzi wa kampuni za simu za Marekani uliopewa jina la Salt Typhoon, ambao ulifika hadi kwenye mifumo inayotumiwa na vyombo vya dola kunasa simu kwa amri ya mahakama. Januari 2025, siku za kwanza za serikali mpya, wajumbe wa kamati za ushauri za wizara hiyo waliondolewa kwa barua moja, wa bodi wakiwemo, na uchunguzi ukakoma kabla ya ripoti kuandikwa. Ofisi iliyozaliwa na Solarium haikuweza kuondolewa kwa barua. Serikali ileile ilipeleka jina la Sean Cairncross kwa Seneti, kama sheria ilivyotaka, naye akathibitishwa Agosti 2025.